Kaseti ya Adolphine

Kwenye sikukuu hakuna mtu anayekaa chini. Hilo Lubumbashi nzima inalijua, tajiri kwa maskini. Viti vikipungua vinaazimwa kwa jirani, na jirani akikosa wageni watakalia makreti ya bia, au watasimama mpaka miguu iume. Lakini sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa na kitenge kimefungwa kichwani, pale hukaa mwanamke aliyefiwa. Kwa hiyo Émerance alipomwona mwanamke wa namna hiyo kwenye televisheni, amekaa chini katika sebule yake mwenyewe, siku ya komunyo ya kwanza ya binti yake, kwanza aliona aibu. Alidhani amemnyima mgeni kiti.

"Papa Béné," alimwita mumewe. "Ule mama anakaa chini ni nani?"

"Bantu balikuwa mingi," Paluku akajibu bila kugeuza shingo. "Utabajua bote?"

Hakugeuza shingo kwa sababu Paluku akiwa mbele ya video yake hageuki hata nyumba ikiungua. Alikuwa mfanyabiashara wa jumla, mtu wa Butembo, muuzaji wa maharage na makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi, na maisha yake yote alikuwa mtu wa redio. Sasa alikuwa na televisheni ya rangi na mashine ya video, na katika mtaa wa Bel-Air, mwaka 1993, mji ulipokuwa umekwisha kuporwa mara moja na kila mtu akingoja mara ya pili, hilo halikuwa jambo dogo. Kila umeme uliporudi, hata saa tisa mchana, aliwaita majirani waje kumwona Bénédicte na gauni lake jeupe. Walikuja. Wa mwisho kufika walisimama dirishani.

Vyombo hivyo vilikuwa vya jirani yao Paulin na mkewe Adolphine. Walikuwa watu wa Kasai, na mwaka ule watu wa Kasai walikuwa wakifukuzwa Katanga, hata wale waliozaliwa hapo na baba zao pia. Mwezi wa tatu Paulin aliuza nyumba nzima kwa siku mbili. Paluku alitoa magunia mawili ya unga na furushi la makayabu, chakula cha safari, akaondoka na televisheni mabegani na uso uliojaribu kutocheka.

Adolphine mwenyewe ndiye aliyeleta kaseti, imefungwa ndani ya kitambaa. Akampa Émerance, si Paluku.

"Hii haiko ya kuuzisha, Mama Béné. Ni kilio ya Christiane. Mu treni bananyanganya kila kintu. Unibekee. Nitatuma muntu aikamate."

Émerance aliipokea kwa mikono miwili, na hakuweza kumtazama mwenzake machoni. Christiane alikuwa mtoto wa Adolphine, miaka tisa, alikufa kwa malaria mwezi wa nane mwaka uliotangulia. Wiki ile vijana walikuwa wakipita mitaani wakiandika alama kwenye milango ya Wakasai, na Émerance hakwenda kwenye kilio. Alikaa nyuma ya pazia lake, mita ishirini kutoka pale, akaona jeneza dogo likitoka. Kesho yake alisema alikuwa safarini. Adolphine alikuwa ameliona pazia likitikisika, lakini hakusema.

"Miye siangaliaka mwisho yake," Adolphine aliendelea. "Nikifika pale banafunga sanduku, nafunga video. Siwezi. Lakini mwaka ikitimia, siku ya kumaliza kilio, njo nitaangalia yote, mupaka mwisho. Pale nitajua kama mutoto yangu alienda kweli."

"Nitakubekea," Émerance akasema. "Mungu ni shahidi."

Usimwite Mungu shahidi kwa kitu ambacho hujui kama utakiweza. Pentekoste ilipofika, Bénédicte akapata komunyo, na Paluku akamwita Edouard, mpiga video aliyekuwa na kamera kubwa ya kubeba begani. Edouard alikuja na kamera, taa na fulana safi. Kaseti hakuwa nayo.

"Mupya haiko mu mji, papa. Nilizunguka mupaka Kamalondo. Maduka yote iko tupu tu."

Wageni walikuwa wamekwisha kukaa. Bénédicte alikuwa mlangoni na mshumaa wake. Paluku akainua macho juu ya kabati, ilipowekwa kaseti ya Adolphine. "Na ile?"

"Ile haiko yetu," Émerance akasema.

"Kipande tu. Dakika makumi ine. Inabakia ingine mingi."

Edouard aliigeuza kaseti mkononi. Ubavuni mwa kaseti za video kuna kijibanzi cha plastiki. Ukikivunja, mashine inakataa kurekodi juu ya kilichomo. Adolphine alikuwa amekivunja. Lakini tundu lile ukiliziba na kipande cha skochi, ule utepe wa gundi, mashine inadanganyika, na Edouard alikuwa na skochi mfukoni kama kila mtu wa kazi yake. Alimtazama Émerance, akingoja. Émerance alimtazama binti yake, gauni lile jeupe lenye lesi aliyoichagua mwenyewe, siku ambayo haitarudi tena. Akasema, "Beka," aiweke kwenye kamera. Lilikuwa neno moja tu, na lilitoka kinywani mwake mwenyewe.

Turudi sasa kwa yule mwanamke wa sakafuni. Mara ya pili walipoangalia, walikuwa wawili. Mara ya nne walikuwa watano, wamepangana ukutani nyuma ya meza ya keki, vitenge kichwani, midomo wazi. Paluku hakuwaona, au alisema hakuwaona. Majirani nao walianza kuwa na kazi nyingi nyumbani kwao. Mmoja aliondoka katikati ya keki, na mlangoni akamshika Émerance mkono kwa mikono yake miwili, vile mtu anavyomshika mfiwa, halafu akauachia haraka kana kwamba ameshika sufuria ya moto.

Halafu ikaja harufu. Moshi wa kuni za mkaratusi, yale magogo mazima yanayowashwa uani watu wanapolala kilioni, pamoja na harufu ya manukato anayopakwa maiti. Émerance alitoka nje, akazunguka nyumba. Mbabula yake, jiko la makaa, ilikuwa baridi. Uani hakukuwa na moto wowote.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, umeme haupo, jirani yao Olive aliingia uani pasipo viatu, kitenge amekifunga kiunoni, beseni la unga kichwani.

"Pole sana, Mama Béné. Ni nani alikufa?"

Émerance alikuwa anaanika nguo. Shati likamponyoka. "Kufa? Hapa hakuna muntu alikufa."

Olive aliliteremsha beseni polepole. Alikuwa mwanamke mzima, mwenye akili zake, hakuwa mtu wa kuzua. Alitazama mlango wa sebule, kisha akanong'ona: "Mama, usinichekee. Tangu asubuhi tunasikia bamama banalia mu nyumba yako. Mutaa yote inasikia. Bengine banakuya nyuma, banabeba makala."

Na kweli walikuwa wanakuja, wanawake watatu na mifuko ya makaa, wamevua viatu kwa heshima. Émerance aliwarudisha mmoja mmoja akicheka kicheko kisicho na meno. Walipoondoka aliingia ndani. Televisheni ilikuwa imezimwa, nyeusi, inamwonyesha yeye mwenyewe tu. Bénédicte alikuwa amelala juu ya mkeka mbele yake, miguu imenyooka, mikono juu ya kifua, na alipomgusa alikuwa wa moto kupita kiasi.

"Mama," mtoto akasema macho yamefumba, "bale bamama banasema nikae katikati yao."

Kwanza alimpeleka zahanati. Wakampima malaria, hakuna. Wakampa vidonge hata hivyo, maana walikuwa navyo hivyo tu. Homa haikushuka. Mficha maradhi, kilio humfichua, na Émerance alikuwa anaficha ugonjwa aliojua jina lake. Alikuwa hajamwambia mtu kaseti ile ilikuwa ya nini.

Siku ya tano alirudi kutoka sokoni, saa kumi kasoro, akakuta umeme umerudi na Paluku amesinzia kwenye kiti chake, mdomo wazi, na video inaendelea. Siku zote Paluku aliizima pale Bénédicte anapokata keki, kwa sababu sherehe iliishia hapo. Leo hapakuwa na mkono wa kuizima. Émerance alisimama mlangoni na kikapu chake, akaona keki inakatwa, akaona wanawake wa ukutani, sasa hawahesabiki, wanaegemea mbele wote kwa pamoja kana kwamba mtu amewaita, halafu picha ikachanika, zikaja chengachenga, na kutoka katika chenga zile, bila kituo, bila hata wimbo kukatika vizuri, likatokea jeneza dogo jeupe katika sebule ya Adolphine, na mwanamume mmoja na nyundo, na mkono wa mwanamke unaingiza kitu ndani kwa haraka kabla kifuniko hakijashuka, na pembeni ya kifuniko, pale kilipokataa kufunga, ilikuwa imebanwa ncha ya nguo nyeupe, na Émerance, ambaye hakuwahi kuingia nyumba ile siku ile, aliijua lesi ile, kwa kuwa aliichagua mwenyewe, akaikata mwenyewe, akaishona mwenyewe kwenye gauni la mtoto aliye hai ndani ya chumba cha pili.

Alipiga kelele. Paluku akaruka, akabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Kutoka chumbani hakukusikika kitu, na huo ukimya ndio uliowatia mbio wote wawili. Bénédicte alikuwa anapumua, lakini kwa nafasi ndefu.

Jioni ile ile Émerance alimwita Clotilde.

Clotilde alikuwa mama wa maombi, mpole kama mchanga wa barabarani. Zamani alikuwa mwalimu, na bado aliongea na mapepo kama wanafunzi waliochelewa. Alisimama sebuleni, akanusa, hakufungua Biblia. Akauliza tu: "Mulikamata nini isiko yenu?"

Hapo Émerance alisema yote: pazia, kiapo, skochi. Alilia kwa haya, si kwa hofu. Paluku aliangalia vidole vyake vya miguu.

"Basi haiko shetani," Clotilde akasema. "Shetani ningefukuza. Huyu ni mutoto anatafuta kilio yake. Mulifuta pale banamulilia, mukabakisha pale banamuzika. Muntu akizikwa bila kuliliwa, atapita wapi? Anaingia pa mulango iko wazi." Akaelekeza kidevu chumbani kwa Bénédicte.

"Tuichome," Paluku akanong'ona.

"Uchome, na mutoto yako iko ndani?" Akageuka kwa Émerance. "Ulikamata kilio, urudishe kilio. Dakika makumi ine ulifuta, dakika makumi ine utalia. Edouard alete mashine yake. Na fête, sikukuu ya Béné, itafutika, ujue."

Ilikuwa picha pekee waliyokuwa nayo ya siku ile. Émerance hakuuliza mara mbili.

Kesho yake mchana walitoa viti vyote nje. Olive alikuja, maana sasa kulikuwa na kilio kweli. Wanawake watatu wakakaa sakafuni, mgongo ukutani, vitenge kichwani, na Edouard akairudisha kaseti mwanzo, akavaa vile vya kusikilizia masikioni, akawasha kamera. Clotilde akaanza wimbo. Olive akalia, kwa sababu Olive alikuwa amezika wawili na machozi yake yalikuwa karibu. Émerance akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Alijaribu kumkumbuka Christiane: soksi za njano, pengo la mbele. Hakumjua vya kutosha. Alitoa sauti ya kuiga.

Clotilde alimfinya paja. "Hayo ni machozi ya bongo, ya uongo! Mutoto hatayakubali. Lia!"

Dakika zilikuwa zinapita. Chumbani mtoto alivuta pumzi moja, ikakaa, ikakaa, na Émerance akafumba macho, akaliona tena lile jeneza na ile ncha ya lesi, na hapo kitu kikapasuka ndani yake chini kabisa ya tumbo, akalia kilio ambacho mwanamke halii mara mbili, akajitupa kifudifudi, akapiga sakafu kwa viganja, akaita jina, akaita na kuita, akimwuliza kwa nini amekwenda bila kumuaga mama yake, nani atamsuka nywele huko, nani atamfunika, mpaka Clotilde mwenyewe akaacha wimbo akalia, mpaka Paluku mlangoni akageukia ukuta, mpaka Edouard akainua mkono kuonyesha kwamba dakika zimetimia.

Harufu ya moshi ilikuwa imetoweka. Chumbani Bénédicte alisema, kwa sauti ya mtoto aliyeamka usingizini, kwamba ana njaa.

Clotilde alikataza kaseti isiangaliwe. Edouard alibandua skochi ili mtu asiweze tena kurekodi juu yake, akamkabidhi Émerance, na alipomkabidhi alifungua mdomo kama mtu mwenye neno. Lakini nyumba ilikuwa na furaha, na yeye alikuwa kijana mwenye adabu. Alikunywa limonadi yake, akaenda.

Wiki tatu baadaye alikuja Ariel, kaka mkubwa wa Christiane, amekonda, vumbi la njia ya reli kwenye kope. Walikuwa Mwene-Ditu, akasema, kwa noko wao, ndugu wa mama. Noko alikuwa na televisheni na video, na kila Jumapili saa tisa aliwasha jenereta. "Mama alinituma kaseti. Anasema, Mama Béné ni muntu ya kuaminika."

Émerance alimpa ikiwa ndani ya kitambaa kile kile. Akamfungia na maharage. Alipoufunga mlango nyuma yake alijisikia mwepesi kuliko alivyokuwa tangu mwezi wa tatu.

Wiki mbili zikapita. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane, saa tisa na dakika chache, Bénédicte aliacha kucheza, akaingia ndani, akakaa sakafuni ukutani na kunyoosha miguu.

"Banaanza," akasema.

Harufu ya mkaratusi ilijaa nyumba. Mikono ya mtoto ilikuwa baridi kama ya mtu aliyetolewa kisimani. Hakulia, hakuongea, alitazama mbele kama anayesikiliza wageni wengi. Dakika arobaini. Halafu akapiga chafya, akainuka, akarudi nje.

Émerance alikwenda kwa Edouard kwa miguu, bila kitenge cha kichwa. Alimkuta anatengeneza taa. Hakuhitaji hata kuuliza.

"Mama, nilisikia mu masikio," Edouard akasema. "Nikasema labda mama akililia mutoto wa mwenzake, analia vile. Nikaogopa kusema."

"Nililia vipi? Niliita nini?"

"Dakika yote. Christiane, haukumuita hata mara moja. Uliita Bénédicte."

Basi ikawa hivyo. Huko Mwene-Ditu Adolphine alikuwa na kaseti yenye mama anayemlilia Bénédicte kwa machozi ya kweli, na baada ya machozi jeneza. Pengine alishangaa kuona sebule si yake. Pengine alisikia mwanamke analia mpaka sakafuni akadhani, jirani yangu, kumbe alimpenda mwanangu, na hakusikiliza jina. Na kila Jumapili alifika pale wanapofunga jeneza, akabonyeza, kwa sababu hakuweza. Jumapili ya pili alibonyeza. Jumapili ya tatu alibonyeza, na Bénédicte akapiga chafya, akaomba chai.

Émerance ndiye aliyekumbuka tarehe. Christiane alikufa tarehe ishirini na mbili, mwezi wa nane. Mwaka ulikuwa unatimia Jumapili inayofuata, siku ambayo Adolphine alisema ataangalia mpaka mwisho.

Paluku alikwenda stesheni. Treni ya Kasai hakuna, wala hakuna aliyejua lini. Alikwenda posta, waya zilikuwa zimeibwa. Ijumaa alikwenda kwenye fonie, ile redio ambayo wafanyabiashara hutumia kuitana kutoka mji hadi mji, na baada ya saa nzima mtu wa Mwene-Ditu akaitika katikati ya makelele. Akauliza: huyo Paulin anakaa mtaa gani? Huyo noko anaitwa nani? Paluku alirudisha kipaza sauti mezani. Hawakuwahi kumwuliza Ariel. Katika miezi yote hiyo hawakuwahi kuuliza majirani zao walikwenda kulala wapi.

"Na hata ningebapata," alimwambia mkewe jioni, "ningesema nini? Musimalize kilio ya mutoto yenu?"

Jumapili walifunga milango. Clotilde alikuwepo, Olive alikuwepo, wote sakafuni, na Bénédicte katikati ya miguu ya mama yake. Saa tisa akasema, "Banaanza." Moshi ukaja. Émerance alimfunika kwa kitenge, kwa shuka, kwa mwili wake mwenyewe, na alitazama saa ya ukutani, akimwomba Adolphine, si Mungu, Adolphine, aone uchungu kama Jumapili zote, kidole chake kikaribie kitufe. Dakika thelathini. Thelathini na nane. Arobaini. Aliingoja ile chafya. Arobaini na moja.

Bénédicte aligeuza uso, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu saa tisa. Hakuwa na hofu. Alikuwa kama mtoto anayeona jambo dogo lisilo la kawaida.

"Mama," akasema, "leo habafungi video."